Nyongeza Haihesabiwi

Sehemu ya tano

Tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, kidole cha mkaguzi kilikuwa juu ya gunia la sita la maharage na hakikuwa na pa kwenda.

Daftari lilisema manane. Sakafu ilisema sita.

Kwa uliyejiunga nasi leo, usipate taabu, kisa si kirefu. Stoo ni ya shule ya msingi yenye watoto mia tano, na chakula chao cha mchana hutoka nyuma ya mlango ule wa bati. Mwenye ufunguo ni mama mmoja kijana ambaye watoto wanamwita Kalamu, kwa kuwa kalamu haimtoki sikioni. Kuandika vitabu vya stoo alijifunza kwenye masomo ya jioni, mtoto kamlaza kwenye dawati la nyuma. Na mpishi mkuu anayepokea chakula kutoka mikononi mwake ni mama mkwe wake mwenyewe. Huyo anaitwa Bibi Mwiko, na sababu utaiona mwenyewe.

Mkaguzi naye alikwishapewa jina kabla hajamaliza kuvuka uwanja: Bwana Nukta. Hawezi kusoma namba bila kuiwekea nukta nyekundu pembeni.

Basi Bwana Nukta akahesabu upya, safari hii akigusa kila gunia kichwani kama mwalimu anayehesabu watoto wa matembezi. Sita. Akapekua nyuma ya mchele. Akachungulia chini ya chaga za mbao. Mwalimu mkuu, kwa kihoro alichokuwa nacho, akatazama hata nyuma ya mlango, kana kwamba gunia la kilo hamsini laweza kujibanza ukutani likashika pumzi.

Sita ni sita.

Mkaguzi akafungua daftari. Kila mstari ulikuwa na saini mbili. Penye "Imetolewa na" palikuwa na saini ya Kalamu, imenyooka kama uzi. Penye "Imepokelewa na" palikuwa na duara lenye masikio mawili. Akaligeuza daftari huku na huku, kisha akauliza kwa upole ni nani aliyekuwa akichora paka kwenye kitabu cha serikali.

"Hiyo ni sufuria, baba," Bibi Mwiko akajibu kutoka mlangoni. "Paka ana mkia."

Mwalimu mkuu akakohoa kuficha kicheko. Mkaguzi hakucheka. Aliuliza kama ni kweli kwamba mtoaji ni mkwe na mpokeaji ni mama mkwe. Akajibiwa ndiyo. Akauliza kama wanaishi ua mmoja. Akajibiwa ndiyo, wao na mume wa Kalamu, na chungu chao ni kimoja. Akaweka nukta mbili, si moja.

"Paka na panya wakila sahani moja," alisema, "mwenye ghala alale na jicho moja wazi."

Kisha akatoa hukumu yake bila kupandisha sauti. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Kengele ya mapumziko ya saa nne ikilia kabla magunia mawili hayajapata maelezo, ataandika maneno manne kwa wino mwekundu: upungufu usio na maelezo. Na ufunguo utabaki juu ya meza ya mwalimu mkuu.

Kalamu aliusikia ufunguo ukimlemea kiunoni. Kwa mwingine kilikuwa kipande cha chuma. Kwake kilikuwa miaka miwili ya kusoma kwa kupokezana na usingizi, kikawa siku ile alipoingia nyumbani akasema nimepata kazi, watoto wakaruka kitandani mpaka ubao mmoja ukavunjika. Chuma kile kikienda, kazi imekwenda, na jina nyuma yake.

Lakini watoto hawana kosa, mkaguzi akasema. Chakula cha leo kitolewe kama kawaida, ila mbele ya macho yake. Daftari akalichukua, akalitia kwapani.

Sasa nikwambie utaratibu wa stoo ile, maana kisa chote kimelala humo. Kila asubuhi Kalamu hufungua mlango, Bibi Mwiko huchota maharage kwa kopo la kilo mbili. Makopo kumi na sita, si zaidi. Mkubwa anachota, mdogo anahesabu kwa sauti huku ameinamia daftari, anaandika.

Leo hakuwa na daftari la kuinamia.

Wakakata mshono wa gunia la mbele. Bibi Mwiko akazamisha kopo, likatoka limejaa hadi ukingoni.

"Moja," Kalamu akasema.

Na hapo, baada ya neno moja kutamkwa, mkono wa kushoto wa mama mkwe ukazama guniani. Mkono wenyewe mpana kama sahani, uliokoroga masufuria miaka na miaka. Ukatoka na konzi, ukaimwaga juu ya kopo. Ukarudi, ukatoka na konzi nyingine. Kopo likawa na kilima, na kilima kikamiminwa kwenye beseni pamoja na kopo lake.

"Mbili."

Kilima.

"Tatu."

Kilima kingine, kizuri, cha mviringo.

Kalamu alihesabu mpaka kumi na sita kwa sauti isiyokuwa yake. Siku zote hizo alikuwa akiandika kwa mwandiko mzuri kitu ambacho hakuwahi kukitazama.

Na mkaguzi? Ajabu ya watu wa vitabu, msomaji wangu. Kasema mbele ya macho yangu, halafu macho yenyewe kayatumbukiza kwenye daftari, kasimama mlangoni penye mwanga anaweka nukta.

Kalamu akaomba ruhusa ya kusaidia kubeba beseni. Huko jikoni, katikati ya moshi na mifuniko inayogongana, akamvuta mama mkwe wake pembeni ya pipa la maji.

"Mama, ile unayoongeza juu ni nini?"

"Ipi?"

"Nikishahesabu. Ule mkono wa kushoto."

"Aa, ile." Bibi Mwiko akafunika sufuria. "Ile si kitu. Ile ni nyongeza."

"Nyongeza sijaiandika popote, mama."

"Utaiandikaje? Nyongeza haihesabiwi, mwanangu. Ikihesabiwa si nyongeza tena, ni kipimo."

Akamweleza kama mtu anayemfundisha mwali kuwasha moto. Kabla ya kushika mwiko wa shule aliuza maharage sokoni miaka ishirini, na katika miaka hiyo hakuna mteja, hata yule aliyemkosea adabu, aliyeondoka kwake na kopo lililokatwa bapa. Kopo bapa ni la mchoyo. Unapima, unataja, kisha unaongeza. Kilichotajwa ni cha mizani, kinachoongezwa ni cha moyo. Sasa kama alikuwa akiwaongezea watu wazima wenye madomo yao, atawakatia bapa watoto?

Kalamu alimsikiliza mpaka mwisho, maana mama mkwe hakatizwi. Kisha akamwambia polepole, akimshika mkono ule ule mpana, kwamba nyongeza imeota miguu. Magunia yale hayakuibiwa. Yalikwenda konzi kwa konzi, kila asubuhi, mbele ya pua yake.

Bibi Mwiko akakaa juu ya rundo la kuni. Mwanamke huyu hujawahi kumwona amekaa kabla ya saa nane.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi," akasema.

"Hapana, mama. Umewalisha waliotakiwa kulishwa. Aliyekosa ni mimi niliyehesabu bila kutazama. Nitakwenda kumwambia hivyo hivyo, nawe usitajwe."

Alikuwa amekwishaamua. Ufunguo ukiondoka, huenda siku moja akapata mwingine kwingine. Lakini mama wa mume wake kuitwa mharibifu mbele ya shule nzima, hilo maji ya pipa lile yote yasingelisafisha.

Bibi Mwiko akamtazama muda mrefu kwa mtu ambaye maharage yake yako motoni. Kisha akainuka, akakung'uta aproni.

"Wewe mtoto," akasema, "tangu lini mimi nikabebewa mzigo nina miguu yangu?"

Na kabla Kalamu hajapata neno la kumzuia, mama mkwe alikuwa uwanjani, mwiko begani kama askari wa gwaride, anaelekea stoo.

Hakubisha hodi. Alimkuta mkaguzi amejikunja juu ya daftari, akamgongea meza kwa mpini wa mwiko mara mbili, taratibu.

"Baba, weka chini kalamu yako nyekundu unisikilize. Maharage yako yako matumboni. Ukitaka kuyahesabu, panga watoto mstari."

Mwalimu mkuu akafumba macho. Kalamu, aliyefika akihema, akashika mwimo wa mlango.

Lakini mkaguzi, uungwana wake tumpe, hakukasirika. Aliuliza maswali matatu, akajibiwa yote, na kwa kila jibu Bibi Mwiko alizidi kunyanyua kidevu. Akaeleza soko, akaeleza kopo bapa, akaeleza cha mizani na cha moyo. Mwisho mkaguzi akasema maneno ni matamu ila yeye hula namba. Mizani iko wapi?

Mizani ilikuwa juu darini, imening'inia kwenye boriti tangu siku maharage yalipopokelewa, buibui amejenga kwenye ndoano. Kalamu akapanda kigoda, akamwomba buibui radhi, akaifuta uso.

Kopo bapa: sindano ikasimama kwenye kilo mbili.

Kopo la kilima: kilo mbili na robo.

Mkaguzi akasema huenda ni bahati, Bibi Mwiko arudie. Akarudia. Kilo mbili na robo. Mara ya tatu akamwambia afumbe macho. Bibi Mwiko akafumba, akaongeza konzi zake mbili, na sindano ikaenda pale pale kama inayorudi nyumbani. Mkaguzi akamwangalia mwanamke yule kama anayetazama mashine mpya.

Sasa akapiga hesabu. Robo kilo mara makopo kumi na sita ni kilo nne kwa siku. Akafunua daftari, akahesabu kurasa zenye saini na sufuria. Siku ishirini na tano. Kilo nne mara ishirini na tano ni kilo mia.

Kilo mia ni magunia mawili.

Kamili, msomaji wangu. Si punje zaidi, si punje pungufu. Manane toa mawili ni sita, na sita ndiyo hayo yaliyolala sakafuni, lile lililofunguliwa asubuhi likiwemo.

Ungeona furaha ya stoo ile. Mwalimu mkuu alimshika mkaguzi mkono wa kulia, akashika na wa kushoto, akatangaza kwamba leo yeye binafsi atakula sahani mbili. Mkaguzi alitabasamu, na ikaonekana kumbe ana mwanya. Akasema kosa ni la kipimo, si la wizi, na kosa la kipimo lina dawa. Kuanzia kesho kopo litasawazishwa kwa kijiti. Mizani ishushwe darini, ifanye kazi iliyonunuliwa. Na kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawawezi kukaguana, mwalimu wa zamu awepo kila asubuhi, naye atie saini.

Bibi Mwiko hakukikubali kijiti. Ilibidi wabishane, na waliokuwa wakibishana ni mtu mwenye mwiko na mtu mwenye kalamu, kwa hiyo unajua nani alishinda. Wakakubaliana kwamba daftari litachorwa safu mpya, jina lake Nyongeza, na kila konzi itaandikwa humo. Bibi Mwiko akauliza kama katika safu hiyo ataruhusiwa kuchora sufuria kubwa zaidi. Akaruhusiwa.

Ufunguo ukabaki kiunoni. Mkaguzi akafungua fomu yake, akaandika neno la kwanza, kwa wino wa buluu safari hii: "Upungufu umeelezwa."

Kalamu alikuwa anacheka na wenzake. Kisha kicheko kikamkwama.

Siku ishirini na tano?

Daftari lile ndilo lilikuwa na siku ishirini na tano. Lakini maharage hayakuanza na daftari lile. Lilikuwepo la kwanza, lililojaa, liko kwenye droo chini ya karatasi za kufungashia. Lilipojaa, alihamisha salio kwenye hili jipya, magunia ishirini na manne, akalinakili kutoka karatasi kwenda karatasi bila kugeuza shingo ayahesabu sakafuni.

Akamsogelea mama mkwe wake, akamuuliza sikioni nyongeza ilianza lini.

"Lini tena?" Bibi Mwiko akanong'ona. "Tangu siku ya kwanza shule ilipofunguliwa."

Siku hamsini.

Hakuna aliyejua ila yeye. Mkono wa mkaguzi ulikuwa umeshafika kwenye mstari wa saini. Angenyamaza tu, kama watu wengi wenye akili zao wangenyamaza. Hesabu imekubali, wakubwa wamefurahi, ufunguo upo. Nani amemtuma kufukua?

Ila mwalimu wao wa jioni alikuwa na msemo: hesabu inayokubali upesi, ipose mara mbili. Na Kalamu hakuwa mtu wa kuolewa na hesabu asiyoijua ukoo.

"Bwana mkaguzi," akasema, "nakuomba usitie saini."

Akavuta droo. Akaliweka daftari la kwanza juu ya fomu, akachukua chaki, na kwa kuwa karatasi haikuwa karibu akaandika nyuma ya mlango wa stoo, kubwa, kila mtu aone. Magunia yaliyopokelewa, arobaini. Siku hamsini. Kila siku makopo kumi na sita ya kilo mbili na robo, ndiyo kilo thelathini na sita. Jumla kilo elfu moja na mia nane. Gunia moja kilo hamsini.

Yaliyoliwa, thelathini na sita.

Yanayotakiwa kubaki, manne.

Kengele ya saa nne ikalia. Watoto wakamwagika uwanjani kwa kelele zao, na ndani ya stoo hakuna aliyegeuka.

Mwalimu mkuu alikuwa akihesabu kwa vidole, vikamwishia. Akauliza kwa unyonge, basi, yamepungua ama yamezidi?

"Yamezidi, mwalimu," Kalamu akasema. "Mawili."

Mkaguzi akavua miwani. Akaifuta. Akasoma mlango kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu, na hakuweka nukta hata moja.

"Miaka kumi na tisa nazunguka mastoo," akasema taratibu, "natafuta waliochukua. Sijawahi hata siku moja kumtafuta aliyeleta."

Wakaitafuta hati ya kupokelea. Lori lilikuja mara moja tu, magunia arobaini, siku ile ile ya kufungua shule. Hakuna la arobaini na moja, seuze la arobaini na mbili. Wala hakuna mzazi aliyeandikwa kutoa msaada, wala duka, wala jirani. Kwa vitabu, magunia mawili yale hayakuwepo duniani.

Mkaguzi akaagiza yaliyofungwa yageuzwe midomo kwenye mwanga. Matano. Wakayageuza mmoja baada ya mwingine, mwalimu mkuu akisukuma kwa goti.

La kwanza, mshono wa mashine, uzi mweupe. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo.

La nne lilikuwa limeshonwa kwa mkono.

La tano pia. Uzi wa kahawia, mnene, umevutwa kwa nguvu, na mwishoni umefungwa fundo la ajabu, limejiviringa mara tatu kama chipukizi la ua.

Mkaguzi akapiga magoti. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni, ikabaki kazi. Alisema jambo hili anaona wengine wanalichukulia kama baraka, lakini ghala halijui baraka. Aliyeingiza ameingia. Na anayeweza kuingia kuleta, anaweza kuingia kwa lolote. Kwa hiyo swali lake lilikuwa moja, na alilielekeza kiunoni kwa Kalamu: ufunguo huo uko mmoja, ama una pacha?

Kalamu akajibu ukweli. Uko mmoja. Mchana hautoki mwilini mwake, na usiku unalala chini ya mto wake.

"Na nani mwingine anaugusa?"

"Hakuna."

Alilisema kwa uhakika wote. Ila alipogeuka kumtazama mama mkwe wake ili amuunge mkono, Bibi Mwiko hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinama juu ya gunia la tano, kidole chake kinene kinalipapasa lile fundo kama mtu anayesoma barua ya zamani. Mdomoni alikuwa na tabasamu, na machoni alikuwa na kitu kingine.

"Fundo hili," alisema bila kuinua kichwa, "nimemfundisha mtu mmoja tu, akiwa na miaka saba, tukifunga magunia sokoni. Mwanangu, huo mto wako tumeusikia. Hebu mwambie bwana mkubwa, mto wa pili kitandani ni wa nani?"